Konzi Mbili

Walianza kujikuna.
Perege mmoja mmoja, asubuhi,
wakijisugua kwenye vigingi vya mianzi
kama mtu mwenye upupu mgongoni, mahali mkono haufiki.
Nikacheka. Nikamwambia Nambole:
tazama, samaki wangu wana upele.

Siku ya nne sikucheka.
Walijazana pale bomba linapomwaga maji ya Lukuledi,
vinywa juu,
wakigombea hewa isiyo yao.

Jirani akasema ni jicho la mtu, bwawa halijazindikwa.
Nambole akaja na salfa iliyobaki kwenye mikorosho:
"Inaua ubwiri unga, itashindwa na hawa?"
Nikamzuia mkono.
Nikamkamata mmoja, nikamfunua shavu.

Matamvua.
Neno hili nililijulia kwenye kikoi cha marehemu baba,
nyuzi zilizosokotwa pindoni.
Haya yalipaswa kuwa mekundu kama choya.
Yalikuwa meupe, yamegandana,
nyuzi zilizochovywa kwenye uji.

Ndanda, mwalimu Mtalika akaweka kipande chini ya hadubini.
"Njoo uwaone wapangaji wako."
Mmoja mwembamba, amejishikiza kwa kulabu,
anajinyoosha, anajikunja, hana haraka.
Mwingine duara, anazunguka
kama kizibo cha soda sakafuni.
Wazuri. Mungu nisamehe, walikuwa wazuri.

"Hawa wapo siku zote," alisema.
"Wawili watatu hawana neno.
Uliweka vifaranga wangapi?"

Sikujibu.
Bwawa la mia tano nililijaza elfu mbili.
Nilipiga hesabu ya kilo,
sikupiga hesabu ya pumzi.

Akaandika nyuma ya karatasi ya mtihani:
*Chumvi. Konzi mbili, ndoo ya lita ishirini.
Akilala ubavu, mtoe.*

Chumvi!
Miaka kumi na moja niliikokota kwa reki kule Mchinga,
ikanichubua visigino,
kila mkwaruzo ukawa kidonda chenye mdomo.
Siku niliyopanda gari kuja Nyangao niliapa:
sitaigusa tena, ila ya mboga.

Leo nimenunua gunia.
Nimetumbukiza mikono ndooni,
makovu yakaikumbuka, yakawasha.
Perege wa kwanza akatulia, akapapatika,
ute ukaanza kumtoka vipandevipande.
Akalala ubavu. Nikamtoa.
Wa pili.
Wa tatu.
Hadi mgongo wangu ukakataa kunyooka.

Mia tatu na arobaini hawakuifikia ndoo.
Niliwafukia chini ya mpapai,
na mpapai haukuuliza.
Nusu ya waliopona wako bwawa la pili,
tulilolichimba mimi na Nambole wiki mbili
bila kusemezana sana.

Sasa nikiamka siendi kuhesabu samaki.
Nachuchumaa karibu na vigingi
kutazama kama yupo anayejikuna.