Upande wa Kulia

Kundaeli ameweka kila risiti.
Faili la kijani, limefungwa kwa kamba ya kiatu,
liko juu ya meza ya dirishani, hapa Soweto, Moshi,
mahali palipokuwa na cherehani yangu.
Umeme ukikatika nalifungua,
nalisoma kwa tochi ya simu kama Zaburi.

Bei ya gari: hiyo ndiyo ndogo.
Shemeji Elisante alilipata Ohio, kwa mjane
aliyetaka tu banda lake libaki tupu.
Mustangi ya elfu mbili na tano, nyekundu,
farasi mia tatu chini ya boneti,
na sisi ukoo mzima hatujawahi kufuga hata punda.

Halafu lori la kulibeba hadi bandari ya kwao.
Halafu hati ya umiliki. Wakakosea jina la mume wangu,
herufi moja:
wiki sita.
Halafu meli, na bima ya meli.
Halafu cheti cha ukaguzi, kwamba breki ni breki
na moshi wake hauzidi kipimo.
"Moshi kwenda Moshi," nilisema.
Hakucheka.

Dar kuna wakala, Mwinchande, sauti ya asali,
ujumbe wake huingia saa nne usiku:
*Kaka, kuna kitu kidogo kimejitokeza.*
Kila kitu kidogo kilikuja na sifuri zake.
Ushuru wa forodha. Ushuru wa bidhaa, maana injini ni kubwa.
Kodi ya ongezeko la thamani,
ingawa thamani sikuiona ikiongezeka.
Kisha tozo ya uchakavu:
gari likizeeka, unalipia uzee wake.
Nilijitazama kwenye kioo cha kabati.
Miaka hamsini na mbili, watoto wanne,
goti la kushoto linalolalamika ngazini,
na hakuna aliyewahi kuulipia wangu.

Kontena lililala bandarini siku kumi na tisa,
likilipiwa kitanda kama mgeni wa hoteli.
Siku ya kumi na mbili tuliuza kahawa ya Kibosho,
si gunia, shamba lenyewe,
mistari minne ya juu, karibu na mfereji.
Siku ya kumi na saba, cherehani.
Hakuniomba. Aliitazama tu, asubuhi na jioni,
mpaka nikasema mwenyewe: beba.

Lilipofika, mtaa mzima ulitoka.
Usukani kushoto. Tulijua,
imeandikwa ukurasa wa pili.
Lakini kusoma ni kusoma na kukaa ni kukaa.
Mtaka cha mvunguni huinama:
mama mkwe akainama, akaingia vizuri,
kutoka ndiko kulikohitaji vijana wawili.
Tuta la kwanza pale Majengo
lilikwangua tumbo la gari kwa sauti
ambayo Kundaeli bado anaisikia usingizini.

Jumamosi tukashika barabara ya Arusha.
Baada ya njia panda ya Machame tukakwama
nyuma ya lori la saruji, linapumua, linajikokota.
Yeye, kushoto, anaona turubai tu.
Mimi nimekaa kulia, wanakokaa madereva,
sina usukani, sina pedeli,
nina macho.

"Vipi?"
"Bado. Basi."
"Sasa?"
"Bado, kuna bodaboda na majani ya ng'ombe."
"Sasa, mama Ndeshi?"

Miaka ishirini na saba ya ndoa
hajaniuliza jambo lolote mara tatu.
Mikono yake imebana usukani, shingo imekakamaa,
farasi wote mia tatu wanasubiri mdomo wangu.

Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye mteremko wa Kikafu.
Nikaitazama.
Nikahesabu mistari ya kahawa, polepole,
wa kwanza, wa pili, wa tatu,
ule wa mfereji.

"Pita," nikasema.