Mbuzi ya Nazi

Sokoni Wete, Hamduni alinambia neno,
nikacheka,
kama ninavyocheka miaka hii kwa kila mdomo unaocheza.
Kumbe ananambia kafiwa na mamake.

Binti yangu alikuwa kashasema mara tatu: Baba, twende.
Nami: karafuu za msimu mzima, nizitie masikioni?
Safari hii nilitangulia mlangoni mwenyewe.

Vidude viwili, vidogo kama kunde.
Njiani ndara zikanizomea.
Risiti mfukoni ikalia kama kuni mbichi.
Nyumbani, Bi Mize anakuna nazi na anazungumza,
habari ya paa, habari ya goti lake, taratibu,
kwa sauti ya mtu asiyengoja jibu.

Nikamjibu.

Mbuzi ikanyamaza.