Baisa Mia Nne na Hamsini

Bwana Mundhiri,
nimekaa na daftari lako tangu Alhamisi alasiri.
Ofisi ya Ghala imebaki na mimi na kiyoyozi kinachokohoa;
sisi wauza viyoyozi, na chetu kinakohoa.

Umeniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu:
*Wadai mbalimbali. Miaka imepita. Hamishia mapato mengine.*
Maneno ya mtu anayefukuza nzi.

Basi nimeifungua hiyo mbalimbali.
Ndani yake mna watu.

Mna Kuriakose, fundi wa kuchomelea,
hundi yake ya mwisho ilitumwa Wadi Kabir
kwenye kambi iliyokwisha bomolewa.
Mna duka la Barka lililoweka rubuni ya mashine mbili,
likafungwa kabla mashine hazijafika.
Mna mwenye hisa kumi na moja, jina limeandikwa namna tatu,
gawio lake limelala tangu mwanangu hajaota meno,
na mwanangu sasa yuko darasa la nne.
Na mna Zuwena binti Nasibu, mpishi wa kambi:
riali mia mbili kumi na mbili
na baisa mia nne na hamsini.

Hizo baisa ndizo zilizonikamata.
Pesa ya kubuni haina baisa.
Kuna mtu alikaa akahesabu daku alizopika,
akatoa sahani alizovunja,
akafika hapo, wala hakuzungusha.

Kwetu, baba alitufunza kwa Kiswahili chake cha Wete:
cha kuokota hunadiwa.
Na hiki hata hatukukiokota.
Tuliwekewa kiganjani, tukafumba vidole.

Nimepiga simu thelathini na nne.
Namba kumi na moja zimekufa.
Abdul Matin wa Chitagongi alicheka mpaka akalia,
akauliza kama lile jenereta la nyuma bado linavuja.
Bado, nikamwambia.
Namba ya Zuwena, Tanga, alipokea mwanawe:
"Tapeli mkubwa wewe! Mama kafa, mnamtakia nini namba ya benki?"
Akakata.
Sikumlaumu. Siku hizi nani hurudisha pesa
bila kuomba kidogo kwanza?
Nikaandika tarehe, saa, na jibu: *ametukana.*
Nikatuma barua yenye muhuri
kwa anwani iliyo kwenye nakala ya pasipoti yake,
picha ya mwanamke aliyekatazwa kutabasamu.

Jumapili anakuja mkaguzi, Rajwa wa Sohar,
yule asiyegusa kahawa yetu mpaka amalize.
Wewe unaogopa atalikuta deni.
Deni si aibu, Bwana.
Aibu ni daftari lililofuliwa mpaka likanuka sabuni.
Hatauliza tu kwa nini hatujalipa;
atauliza mlimtafuta lini, nani alimtafuta, saini ya nani hii.
Na ile riali elfu tatu uliyoihamisha mwaka juzi,
ataiona. Nimeirudisha mahali pake
na maelezo nimeyaandika kwa jina langu.
La kwako nimeliachia nafasi.

Kuhusu matawi ya Dubai na Bahreini,
kila mji na kanuni zake; nimewauliza mawakili kwa maandishi.
Mmoja amejibu kurasa sita.
Mwingine amejibu kwamba hajui.
Zote mbili nimezitia kwenye jalada,
kutojua nako kuna tarehe yake.

Kwa hiyo sikuhamisha.
Safu ipo palepale, imepungua majina tisa,
na kalamu yako iko mezani kwako, imefunikwa.

Sasa simu inatetemeka juu ya jalada.
Namba ya Tanga.
Napokea, nasema jina langu, jina la kampuni,
nasema sitaki namba yoyote, nataka tu mnisikilize.
Upande wa pili hakuna anayejibu.
Nasikia tu kitu kinakaangwa.