Shubiri Tatu za Mlangoni

Futi kamba kiunoni, chaki i kwenye kidole,
nimesimama ghalani, Shimanzi, lango la mbele.
Tela lipo kivulini, tumbo tupu kama shule
wakati wa likizoni: kila hatua, kelele.

Makuli walinicheka nilipoianza kazi,
wakisema, "Utachoka, kakune nyumbani nazi."
Leo tela likifika hawagusi hata uzi
mpaka niseme, "Weka." Husubiri kwenye ngazi.

Urefu hadi mlango ni mita kumi na mbili.
Upana, husema bango, mbili na nusu. Si kweli:
nguzo zimeiba pengo, vidole sita kamili.
Ndipo huanza mpango: zito ndilo la awali.

Vigae vikae kati, magurudumu yabebe;
ndoo za rangi na bati ziegemezwe kwa pembe;
magodoro, kama shati, yakunjwe, yasijigambe;
juu, ndani ya gazeti, vikombe; na visigombe.

Pengo usilolijua, hewa nayo ni mzigo:
kona ya kwanza hujua, na tuta likiwa dogo;
katoni hujichukua zikapeana kisogo;
mwenye duka kafungua, vikombe kama magego.

Kila safu mshororo, kila katoni ni kina.
Akaja bosi Mwachiro, na simu yake, aguna:
"Palipo na magodoro tia unga, tani tena,
na sukari, na saruji mifuko arobaini, kwani wewe nafasi hii unaibania ya nani, ya nyumba ya mama yako?"

"Mshororo huo, bosi, umezivunja mizani,
na sisemi kwa matusi: nyingine, Mariakani,
haijui wasiwasi wala jina la fulani;
itarudisha kwa kasi tela lote bandarini."

Dereva wetu Mwadime, kimya, kashika kofia:
"Kadzo, naomba upime cherehani moja pia,
ya Wakesho, ajitume; Voi anasubiria."
"Ilete niitazame." Chaki nikajishikia.

Kila tela, mlangoni, naacha shubiri tatu;
haziingii fomuni, hazidaiwi na mtu.
Imetosha. Iko ndani. Funga, haizidi kitu;
nikachora sandukuni: Wakesho. Silabi tatu.