Nafuu ya Mchukuzi

Kasha lilifika Jumanne. Nililifungua kwa wembe
papo hapo dukani (duka lenyewe meza mbili na mwavuli,
Mwembe Tayari, ubavuni mwa wauza soksi).
Makava mia tatu.
Nikatoa moja, nikalijaribisha kwa kila simu niliyo nayo,
halikukubali hata moja.
Nikampigia Taheri wa jumla: umeniletea vazi la jini.
Akacheka. «Ngoja miezi miwili. Mwenyewe hajazaliwa.»

Nikaligeuza. Matundu manne ya kamera, la nne limejitenga
kama mke mwenza harusini. Kitufe kimehamia kulia.
Huko kiwandani waapa hakuna ajuaye umbo lake,
na mimi hapa, nisiyelijua hata jina la mkubwa wao,
nimeshaipima kiuno.
Siri ya mtoto kaitoa mshona kanzu.

Tangu siku ile nikawa mwanafunzi wa mivujo.
Uko wa vipimo: mtu wa kalibu hunong'ona milimita,
mwengine akazichora, akazitia rangi na kivuli,
watu wakaanza kuitamani picha ya kitu kisichopigwa picha.
Uko wa uongo, uliopikwa chumbani na kijana
mwenye kompyuta na njaa ya kusifiwa.
Na uko ule ambao bomba halikupasuka:
mwenye bomba kalifungua mwenyewe usiku,
asubuhi apiga kelele, nani kamwaga?
huku ahesabu waliokuja na ndoo.
Shebwana fundi, wa meza ya pili,
haamini kama kuna mwengine zaidi ya huo.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja.
Aliyesema hivyo hakuwa na simu, lakini soko alilijua.

Nami nilifaidi, sikani.
Simu ilipotangazwa, kava lake lilikuwa kwangu tu
kuanzia Makadara hadi Markiti.
Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi:
nililipa karo, nikanunua tangi la lita elfu,
maana mtaani kwetu bomba la mji lamwaga barabarani
na jikoni ni kavu, twanunua maji kwa mkokoteni,
dumu kwa dumu, kwa bei anayoamka nayo mwenye mkokoteni.

Kisha akaja Bi Zuhura wa Kibokoni,
simu yake imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia.
Shebwana akaifungua, akaipuliza, akaizika ndani ya mchele,
na jioni ilipowaka aliniita kwa kidole.
Bi Zuhura nyumbani kwake, kichwa wazi, nywele zimelowa,
amcheka mtu aliyekuwa ameshika simu.
Basi. Si picha mbaya.
Ila haikuwa yangu.
Nilitazama. Kidogo.
Kidogo vile vile hujaza ndoo, ukiiacha usiku kucha.

Alipokuja kuichukua alitutazama mmoja mmoja.
«Hamkufungua lolote?»
Shebwana akasema maji yalikuwa yameingia kwenye spika.
Mimi nilipanga chaja zilizokuwa zimeshapangwa.

Usiku ule, saa nne, simu yangu ikalia kidogo.
*Habari Mselem Badi Shekue, unastahiki mkopo wa elfu tano.*
Shekue ni babu. Jina lake halimo hata kwenye kibao cha duka.
Nikaanza kukumbuka: lango la lile jengo la Treni
nilipoandika kitambulisho changu kwenye daftari la bawabu;
ile tochi niliyoipakua, ikaomba namba za watu wote niwajuao,
nikaikubalia kwa sababu stima ilikuwa imepotea;
yule binti wa promosheni, na tisheti yake ya bure.
Sikujua nilidondokea wapi.
Nilijua tu kuwa mahali fulani kuna mtu
anayetembea na mzigo mwepesi.

Asubuhi nikauza kava la mwisho kati ya mia tatu.
Mteja, kijana wa chuo, alilibonyeza pembe,
akalinusa, watu hunusa makava, sijui kwa nini,
akauliza kama laziba kila kitu.
Nikamwambia laziba mgongo.