Konokono wa Kushoto

Mama yangu hakuwa sonara.
Sonara alikuwa bwana Abílio, mwenye tanuri,
mwenye mizani ndani ya kabati la kioo,
mwenye muhuri wa chuma uliochongwa kichwa cha jogoo.
Mama alikuwa mjazaji.
Ndivyo tunavyowaita hapa Gondomar
wanawake wanaoketi jikoni, kiti kikielekea dirisha,
wakijaza kwa uzi kile ambacho mwanamume amekiacha kitupu.

Jumatatu nilitumwa karakana na bati la biskuti.
Bwana Abílio alihesabia humo mioyo kumi na miwili,
mioyo ya fremu tu, ukiiinua unaona hadi upande wa pili,
na kidonge cha uzi wa dhahabu
mwembamba hata ukiulaza juu ya ulimi huuhisi
(nilijaribu).
Akapima. Akalamba penseli. Akaandika.
"Mwambie Zulmira, gramu ni gramu."
Mama akajibu kama kila Jumatatu:
akaenda kunawa mikono.

Nyuzi mbili husokotwa kuwa moja, moja hupigwa bapa
mpaka ukingo wake uote meno kama ukingo wa sarafu.
Kibano huukunja, na kuukunja, na kuukunja:
konokono, si mkubwa kuliko punje ya mtama.
Humbana ndani ya fremu, kisha mwenzake, kisha mwenzake,
bila gundi, bila lehemu,
wakishikiliwa na msongamano wao tu
kama watoto saba wa Deolinda kitandani.

Hatukuruhusiwa kupiga chafya.
Agosti dirisha lilifungwa, feni ikawa haramu,
supu ya kabichi ikajichemkia yenyewe hadi ikaungua
na mama hakugeuza shingo.

Jioni alifagia meza kwa mguu wa sungura.
Vumbi lote, hata la mikunjo ya aproni,
likaingia kwenye bahasha, likarudi kwa mwenyewe.
Usiku mmoja nilimwona chini ya taa
akijikagua kucha, moja moja, kama mwizi,
yeye ambaye pete yake ya ndoa ililala kwa mweka rehani
tangu majira ya baridi baba alipoanguka jukwaani.

Ijumaa nilishuka mlima na mioyo iliyojaa.
Bado haijalehemiwa. Jiwe moja tu njiani, kikwazo kimoja,
na wiki nzima ya macho ya mama
ingemwagika kwenye nyasi.
Watoto wengine walikimbia. Mimi nilitembea
kana kwamba nimekabidhiwa pumzi ya mtu.
Bwana Abílio alinyunyiza unga wa lehemu,
akapuliza mwali kwa mrija,
kisha akagonga: jogoo, jogoo, jogoo.

Sasa nami nashika kibano, kwa daktari wa meno, Porto.
Juzi mvua ilinikamata, nikajibanza mlangoni pa duka la vito.
Dirishani, juu ya mahameli, moyo.
Mia kadhaa ya konokono wakielekea kulia,
na karibu na ncha, chini kabisa,
mmoja amegeukia kushoto.
Niliutambua kama unavyotambua mwandiko
kwenye karatasi ya kwenda sokoni.
Nikageuza kichwa nisome kibei. Sitaitaja bei.

Nikapanda basi. Mama alikuwa barazani,
macho yake siku hizi yana ukungu,
akitoa nyuzi kwenye maharage mabichi.
"Mama, ulikuwa ukitia saini."
"Saini gani?"
"Konokono wa kushoto. Uko Porto, nimeuona."
"Mwongo. Pengine nilisinzia."
"Kila moyo ulisinzia mahali palepale?"

Hakunijibu. Akavuta uzi wa haragwe,
mrefu, wa kijani, haujakatika,
na vidole viwili, bila kuombwa, vikaukunja,
na kuukunja, na kuukunja.
Nilitazama unaelekea wapi.

Akautupa kwenye ndoo ya maganda
akaniuliza kama nimekula.