Safu ya Kumi na Nne

Zilifika kutoka Mbeya juu ya magunia ya mbolea,
spika nane nyembamba,
kila moja kimo cha Biblia mbili zilizolaliana.
Mzee Mwakatobe, mwenye ghala, akazizunguka mara mbili.
"Ipyana, mkopo wote ule wa ushirika
ni kwa ajili ya hivi vibweta?"
Alizoea yale makabati mawili ya zamani
yaliyowatikisa meno safu ya kwanza
na safu ya kumi na nne yakawaachia mvumo tu,
kama ugomvi wa jirani usiku:
unajua wanagombana, hujui kisa.

Nikamwambia ngoja.

Humu mlikuwa na kahawa zamani. Mvua ikinyesha
(na Tukuyu hainyeshi lini?)
kuta bado zinanuka maganda.
Bati halina dari. Sauti ikipanda huko juu
hurudi imechelewa, imelewa,
inakanyaga neno linalofuata.
Basi kazi si kupaza. Kazi ni kulenga.

Niliazima protrakta ya mwanangu wa darasa la sita,
nikavuta kamba ya katani toka boriti hadi kiti cha mwisho,
nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya saruji.
Ya juu na ya pili karibu zishikane, nyuzi moja tu:
hizo zinasema na walio mbali.
Ya tatu iiname kidogo.
Ya nne, ya chini kabisa,
iiname kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu,
imwambie wa mbele yaliyo yake, taratibu.
Pini, klipu, winchi, mnyororo.
Nne kushoto, nne kulia, zikaning'inia zimejikunja,
na Mzee, aliyelima ndizi maisha yake yote, akasema:
"Mkungu."
Kisha: "Usije ukaangukia watu."

Usiku Tusekile akapanda na gitaa lake.
Miaka sita hajakanyaga Tukuyu.
Aliondoka kwa maneno ambayo mtaa mzima uliyasikia
bila msaada wa spika yoyote.
Mvua ilikuwa imepumzika. Watu mia na kumi na nane,
nimewahesabu kwa vishina vya tiketi.
Akageuza uso pembeni, akidhani maiki imelala,
akaniuliza kama anayemuuliza mtu aliyeko jikoni:

"Mama yangu kaja?"

Ikaenda.
Si kwa kishindo. Ilifika safu ya kwanza
vilevile ilivyofika ya saba, ya kumi,
pamoja na pumzi yake,
pamoja na ulimi ulivyobanduka kwenye kaakaa kavu.
Hakuna aliyepata zaidi, hakuna aliyepunjwa.
Hivyo ndivyo nilivyozipanga.
Kidole changu kilikuwa juu ya kitelezi
na kilikuwa kimechelewa.

Kutoka safu ya kumi na nne, kiti cha mlangoni,
anapokaa tangu enzi za makabati
kwa sababu ya moyo wake unaoruka besi ikipigwa,
bila maiki, bila waya, akiwa na mwavuli mapajani:

"Nipo. Imba."

Taa za mikseta hazikucheza hata moja.
Halafu bati likaanza, matone matatu, kisha gunia zima,
na Tusekile akaimba chini ya mvua hiyo
nami nikampandisha kidogo, kidogo tena,
nikaacha hapo.

Mzee alinipa mkono mlangoni. "Ndaga," alisema.
Hakutaja deni. Limebaki miezi kumi na minane.

Saa sita nikashusha mikungu yote miwili,
nikahesabu pini: kumi na tano.
Zinatakiwa kumi na sita.
Nikapapasa sakafu kwa tochi ya simu, safu kwa safu,
hadi kile kiti cha mlangoni.
Pini haikuwepo.
Palikuwa na maganda ya karanga
na duara la maji, pale mwavuli uliposimamishwa
mtu alipoinuka kwenda mbele.